Mgeni Asiye na Jina: Maoni juu ya Lugha ya Kompyuta Zinazonyimana Mafaili

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona chini ya kichwa cha uhakiki jina la diwani, la kamusi au la riwaya. Safari hii nawaomba wanivumilie, kwa maana maandishi ninayotaka kuyahakiki hayana mwandishi anayejulikana, hayana jalada, na yaliyo marefu miongoni mwao hayazidi sentensi mbili. Ni yale maneno ambayo kompyuta humwambia mtu inapokataa kumpa faili lililomo katika kompyuta nyingine ya nyumba ile ile.

Sababu zangu za kuyaleta hapa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno haya yanasomwa na watu wengi ambao diwani hawazisomi, tena wanayasoma wakiwa na dhiki, na msomaji mwenye dhiki hulipima neno kwa mizani kali kuliko sisi wahakiki. Ya pili ni kwamba kazi ya kuyatia maneno ya namna hii katika Kiswahili ilianza zamani, wala haingoji ruhusa yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Na katika muongo ule ule Windows nayo ikapata sura yake ya Kiswahili. Tangu hapo mabishano yetu yamekuwa aghalabu juu ya istilahi: je, tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Nenosiri au nywila? Mabishano hayo yana faida yake, lakini yametusahaulisha sentensi. Istilahi njema iliyomo ndani ya sentensi isiyosema kitu haimfai mtu.

Nataka kuonyesha kwamba kasoro za maneno haya si za istilahi hasa. Ni kasoro za sarufi na za adabu: hayasemi nani amemkataa nani, wala hayamtambui yule yanayesema naye.

I

Nianze na kisa, kwa sababu hoja bila kisa huelea.

Nilikuwa na kompyuta ya mkononi niliyoinunua nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu ng'ambo, yenye Windows 7. Ndani yake mlikuwa na folda ya sauti nilizozirekodi Pemba: wazee wakisimulia habari za uvuvi, mazishi na mashindano ya ng'ombe, kwa lahaja ambayo vijana wao hawaisemi tena vilevile. Wawili katika wazee hao wamekwisha kufariki. Kwa uzembe ambao siutetei, nakala ya pili ya folda ile sikuwa nayo. Kompyuta ikazeeka: betri ikafa, kioo kikaanza kupepesa, na matundu ya kuchomekea flashi yote yakaacha kufanya kazi. Njia iliyobaki ilikuwa moja, yaani kuyapitisha mafaili hewani, kwa mtandao wa nyumbani, mpaka katika kompyuta mpya yenye Windows 11 Pro. Zote mbili zilikuwa zimeunganika na kisambaza mtandao kimoja kilichokaa juu ya kabati la vyombo.

Nikalifungulia folda katika kompyuta kuukuu. Nikaenda kwenye mpya nikaandika jina la mwenzake. Ikanijibu kwamba njia ya mtandao haikuonekana, ikaongeza namba ya kosa: 0x80070035.

II

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Sentensi isemayo "njia haikuonekana" ina kitenzi katika kauli ya kutendeka, na mtenda amefichwa. Nani hakuiona? Alitafuta wapi? Kwa Kiswahili mtu akikuambia "njia haionekani", unaelewa kwamba njia imeota majani, au giza limeingia, au njia haipo. Hutaelewa kamwe kwamba njia ipo, umeifuata hadi mwisho wake, na mwenye nyumba amekaa kimya nyuma ya mlango. Lakini hilo ndilo lililonipata mimi.

Sentensi hii moja hubeba mambo matano yasiyofanana, nami nitayataja kwa utaratibu. Jambo la kwanza: kompyuta mbili huenda zisiwe katika mtandao mmoja, kwa mfano moja imeunganishwa na mtandao wa wageni ambao kisambazaji huutenga na wa wenyeji. La pili: jina la kompyuta halikufasiriwa kuwa namba, maana mashine huitana kwa namba kama 192.168.1.20, na majina ni kwa ajili yetu sisi. La tatu: kompyuta iliyoombwa inadhani ipo hadharani, hotelini au kituoni, kwa hiyo imefunga milango. La nne: imo nyumbani na inajua imo nyumbani, lakini programu ya ulinzi imeufunga mlango namba 445, ambao ndio mlango wa kazi hii. La tano: mashine zote mbili zinasikiana, lakini hazina itifaki ya pamoja.

Hilo la tano lataka maelezo kidogo. Itifaki inayotumika hapa huitwa SMB, nayo ilizaliwa katika kampuni ya IBM katika miaka ya 1980. Toleo lake la kwanza lilikuwa na udhaifu, na mwezi wa Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ikautumia udhaifu wa namna lilivyotekelezwa katika Windows kuenea katika nchi nyingi. Mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 ikaacha kuliweka toleo lile katika kompyuta mpya. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini mwenye kasha kuukuu la kuhifadhia mafaili, lisilojua itifaki nyingine, akaamka siku moja akaambiwa kwamba njia haikuonekana, ilhali njia ilikuwa pale pale. Lugha ndiyo iliyobadilika. Na jambo hili hatuna sababu ya kuliona geni. Itifaki kwetu ni neno la mapatano kabla ya kuwa neno la mashine, na wasiopatana hawawezi kusemezana hata wakikaa mkeka mmoja.

Je, mtu ayatofautisheje mambo matano yaliyovikwa kanzu moja? Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliyekuwa akiniangalia nikibofya huku na huku, aliniuliza: "Mjomba, umebadilisha vitu vingapi kwa pamoja?" Nikaona haya, kwa sababu darasani nafundisha kinyume chake. Tunapotaka kujua kama sauti mbili ni fonimu mbili, hatuchukui maneno yaliyo mbalimbali. Twachukua pata na bata, yanayotofautiana mahali pamoja tu, kisha tunatazama kama maana imebadilika. Njia ya kuitafuta kasoro ya mtandao ni hiyo hiyo. Kiite kisambazaji kwa namba. Kikijibu, mtandao upo. Iite kompyuta ya pili kwa namba. Ikijibu, kosa halimo katika njia. Iite kwa jina. Ikijibu kwa namba na isijibu kwa jina, kosa ni la majina. Lakini jihadhari na jambo moja: kompyuta iliyojifungia huweza kukataa hata kuitika salamu, kwa hiyo kimya chake si ushahidi kwamba haipo.

Kwetu, kisambazaji kiliwajibu wote wawili. Kompyuta kuukuu haikujibu kwa namba wala kwa jina. Tukaangalia namna ilivyouandika mtandao wetu, tukakuta imeuandika kuwa wa hadharani. Kosa lilikuwa langu. Siku niliyoiunganisha iliniuliza niko wapi, nami kwa mazoea ya kulala katika nyumba za wageni nikajibu bila kusoma. Tukabadilisha jibu lile moja, na njia "isiyoonekana" ikaonekana.

III

Furaha haikudumu. Kompyuta mpya ikatoa maneno mengine, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kwa ufupi yalisema hivi: huwezi kulifikia folda hili kwa kuwa sera za usalama za shirika lako zinazuia kuingia kwa wageni wasiothibitishwa.

Msomaji aitazame sentensi hii kwa makini. Kwanza, shirika gani? Nilikuwa sebuleni kwangu. Shirika lililokuwapo ni mimi, mke wangu, watoto na mpwa wangu, na sera ya usalama tuliyo nayo ni kufunga geti saa nne usiku. Mwandishi wa sentensi alimwona mbele yake karani wa kampuni, akamwandikia huyo. Kisha sentensi ikapelekwa katika kila nyumba bila kubadilishwa. Kasoro hii haiponyeki kwa istilahi. Ukiyafasiri maneno hayo kwa Kiswahili safi kuliko vyote, utakuwa umempelekea mwenye nyumba barua ya mtu mwingine.

Pili, mgeni ni nani? Katika sentensi hii mgeni ni mimi, mwenye kompyuta zote mbili. Neno mgeni kwetu lina uzito wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hupiga hodi, hungoja aitikiwe, hutaja jina lake na atokako, kisha hukaribishwa. Mtu anayeingia pasipo kutaja jina hatumwiti mgeni. Tuna majina mengine kwa ajili yake. Lakini mgeni wa Windows ni huyo hasa: ni aingiaye bila jina na bila nenosiri. Mfasiri akiandika "mgeni" bila zaidi, msomaji wa Kiswahili ataiona kompyuta kuwa haina adabu, kwa kuwa inafukuza wageni. Ukweli ni kinyume. Kompyuta mpya ilikuwa ikidai hodi.

Na ilikuwa na haki ya kuidai. Mawasiliano ya mtu asiye na jina hayawezi kutiwa sahihi wala kufichwa kwa siri, kwa sababu sahihi hutengenezwa kutokana na nenosiri, naye hanalo. Basi mhalifu aliyejipenyeza katika mtandao aweza kujifanya ndiye kompyuta unayoitafuta, akakupa mafaili yenye sumu, nawe usijue. Kwa sababu hiyo matoleo ya Windows ya makampuni makubwa na ya vyuo yaliacha kuupokea ugeni wa namna hii tangu mwaka 2017, na Windows 11 Pro ikafuata kwa toleo la mwaka 2024. Kompyuta yangu kuukuu, kwa upande wake, nilikuwa nimeiamuru zamani isiulize nenosiri la mtu yeyote. Ilikuwa ikimpa kila aingiaye jina la mgeni. Na ile mpya ikakataa kupewa jina hilo.

Kuna shauri lililoenea sana miongoni mwa mafundi, kwamba mtu airudishe kompyuta mpya katika hali ya kuukubali ugeni usio na jina. Shauri hilo hufanya kazi kwa dakika mbili, na hatari yake hukaa miaka. Dawa yenyewe ni nyepesi: nenda katika kompyuta yenye mafaili, fungua akaunti yenye jina na nenosiri, iamuru iulize nenosiri, kisha ingia kwa jina hilo. Hapa wengi hukwama kwa vitu viwili ambavyo hawaambiwi. Akaunti isiyo na nenosiri hairuhusiwi kuingia kwa mtandao, hata kama hufunguka vizuri mtu akikaa mbele ya mashine. Na ile namba fupi ya siri tunayoibonyeza kila asubuhi ni ya mashine ile moja tu, haivuki kwenda katika nyingine.

IV

Tulipofanya hivyo tukapata jibu la tatu: huna ruhusa, wasiliana na msimamizi wa mtandao uombe kuingia. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Basi, Mjomba, jiandikie barua."

Kicheko chake kilikuwa uhakiki tosha, lakini nitaongeza neno. Sentensi hii imekosa hesabu. Folda lililofunguliwa kwa mtandao lina orodha mbili za ruhusa. Moja ni ya mlango wa mtandao: nani aweza kupita mlangoni. Ya pili ni ya mafaili yenyewe: nani aweza kuyasoma akiwa ndani. Aombaye hupata ile iliyo finyu katika hizo mbili. Jina letu jipya lilikuwamo katika orodha ya kwanza, kwa maana niliandika "kila mtu". Katika ya pili halikuwamo, kwa maana mafaili yalikuwa katika folda za akaunti yangu ya zamani. Nusu ya ruhusa tulikuwa nayo, na jibu likasema hatuna ruhusa. Kama lingesema "umeruhusiwa kupita mlangoni, hujaruhusiwa kusoma mafaili", tungalijua mahali pa kwenda. Tukaliandika jina katika orodha ya pili, kwa ruhusa ya kusoma tu, na mafaili yakaanza kusafiri.

V

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe la kazi hii yote. Katika maandishi ya kompyuta mara nyingi twaona amri "shiriki faili" au "shiriki folda". Nadai kwamba hiki si Kiswahili, na kwamba kosa lake si dogo.

Kitenzi -shiriki chamtaka mtenda anayeingia katika jambo la wengine. Mtu hushiriki mazishi, hushiriki karamu, hushiriki dhambi. Mwenye karamu haambiwi "shiriki karamu yako" kwa maana ya kuwaita majirani. Wengine husema "gawa" au "gawana", lakini kigawanywacho hupungua, na faili halipungui kwa kusomwa na mwingine. Kitenzi tunachokitafuta tunacho tayari, nacho ni -shirikisha. Tazama sarufi yake: -shirikisha hutaka kwanza mtu, ndipo kitu. Siwezi kusema "nimeshirikisha folda" nikatosheka, kwa sababu msikilizaji ataniuliza: umemshirikisha nani? Lazima niseme "nimemshirikisha Asha folda", au "nimewashirikisha wanangu".

Hapa ndipo sarufi yetu inapokuwa na busara kuliko menyu. Chanzo cha taabu yangu yote ni kwamba nililifungua folda bila kujibu swali la "nani". Amri "shiriki" inamwachia mtu kufanya hivyo. Kitenzi -shirikisha, kwa muundo wake, hakimwachii. Kitufe kikiandikwa "Mshirikishe mtu", kinauliza swali ambalo usalama wenyewe unalitaka.

Nitapita upesi katika maneno mawili mengine. Kiingereza kina neno moja kwa bandari ya meli na kwa pahali pa kupitia habari katika mashine, na wako waliolifasiri kwa "bandari". Mlango latosha, na kila mtu ajua mlango hufungwa. Kadhalika "ukuta wa moto" humfanya msomaji aogope kuungua. Neno ngome, ambalo wengine wamekwisha kulitumia, lina maana ile ile bila moto, nasi wa pwani tumeziona ngome kwa macho.

Wala sisemi kwamba wenzetu wa mashine hawana sikio la lugha. Andrew Tridgell wa Australia, aliyeanza mwaka 1991 kuandika programu huria ya kuiwezesha mifumo ya Unix kusema itifaki hii, alipotafuta jina alipekua orodha ya maneno akitaka lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo, akapata Samba. Jina lina mantiki ndani yake, nalo limedumu.

VI

Atatokea msomaji aseme kwamba namwonea mwandishi wa maneno haya. Atasema: kompyuta haiwezi kueleza sababu zote, kwa kuwa sababu zikielezwa kwa mwenye nyumba zimeelezwa na kwa mwizi. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali nusu. Ni kweli kwamba kompyuta iliyoombwa haipaswi kumweleza mgeni asiye na jina kwa nini imemkataa. Lakini maneno yote matatu niliyoyahakiki hayakusemwa na kompyuta iliyoombwa. Yalisemwa na ile yangu, niliyoingia kwa jina na nenosiri langu. Hiyo ilijua kama namba imepatikana au jina limekosekana. Ilijua kwamba mwenzake amenipa ugeni. Na ilijua kwamba mlangoni nimepita. Kunieleza hayo si kumfaa mwizi.

Basi kwa wanaofasiri maneno ya namna hii, napendekeza mambo matatu. Mosi, mtenda atajwe: si "njia haikuonekana", bali "kompyuta fulani haikujibu". Pili, asemeshwaye ajulikane: ikiwa mashine ni ya nyumbani, neno shirika liondoke. Tatu, palipo na hatua mbili zisitiwe katika neno moja. Isemwe ipi imepita na ipi imezuiwa. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji istilahi mpya.

Mafaili yalimaliza kupita karibu na alfajiri. Nikaitoa kompyuta kuukuu katika mtandao, maana Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida tangu Januari 2020, na mashine ya namna hiyo haifai kuachwa wazi. Kisha nikafungua faili moja kwa kulijaribu. Bibi mmoja wa Pemba, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akieleza namna ya kusuka dema. Nimekwisha kuweka nakala nyingine mbili mahali mbalimbali, na nakala ya tatu nitaikabidhi kwa maktaba.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya niliyoyapendekeza, hasa wale wanaoishi mahali ambapo mgeni na mwenyeji huitwa kwa majina mengine, wasinyamaze. Wamwandikie mhariri, naye atanifikishia.